Wana wa Nyuni

Jirani yetu Mkamba jana alisimama barazani akitazama kiota cha mbayuwayu juu ya taa. "Nyunyi wenu wameangua," akasema. Mwanangu akaniuliza nyunyi ni nini, nami kwa muda sikupata sauti.

Kwetu Mombasa nyuni yalikuwa maradhi. Ndiyo yaliyomchukua kitinda mimba wetu kabla hajatimiza mwaka: homa usiku, macho yakapinduka, mwili ukakakamaa. Tukamzika kesho yake, na neno hilo halikutajwa tena nyumbani.

Nilikutana nalo kidato cha tatu, katika utenzi wa Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga yapata miaka 200 iliyopita, akiyalilia majumba ya Pate, kisiwa jirani na Lamu, yaliyogeuka magofu. Tukafika ubeti wa madaka, vile vishubaka vya ukutani: palipopangwa sahani za fahari, sasa wamelala "wana wa nyuni". Mwalimu akauliza ni kina nani hao. Nikanyoosha mkono. Nikasema ni watoto wagonjwa, wamelazwa madakani kwa kuwa waliokuwa wakiwabeba wamekufa wote.

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alikwenda ubaoni akachora daka, tao lake juu, ndani yake sahani. Kisha akaifuta sahani kwa kidole gumba, polepole, na pale pale kwenye ukungu wa chaki akachora kifaranga kinachoachama mdomo.

"Nyuni ni ndege," akasema. "Jina la kale. Mkikuyu bado anaita nyoni, Mnyarwanda inyoni, Mganda ennyonyi. Sisi tumeliacha kwenye tenzi."

Kwenye tenzi, na kwenye homa za watoto. Nilikitazama kile kifaranga nikaukumbuka mdomo wa mdogo wangu. Ndipo nilipoelewa kwa nini bibi alikuwa akianua winda kabla ya magharibi na kufunga madirisha: ndege asije akapita juu ya mtoto. Wengi siku hizi husema degedege. Lisikilize neno lenyewe, ndege bado yumo.

Mwanangu nimemjibu kuwa nyunyi ni ndege, kwetu zamani nyuni. Ile maana nyingine sijui nimpe sasa au nimwache akue kwanza. Mwenyewe nikiusoma ule ubeti, hadi leo, watoto ndio hutangulia kunijia. Ndege huja baadaye.