Jinsi nilivyoiweza fonti ya mlazo kwenye kadi za harusi

Kazi yangu ni kusanifu kadi: za mchango, za mwaliko, za kipaimara. Ofisi ni chumba kimoja hapa Kariakoo. Mimi nakaa mbele na kompyuta, nyuma yupo fundi wa kuchapa kwa skrini na meza yake ya wino. Fonti ninayoipenda kuliko zote ni Playfair Display, ile ya mlazo, na ndiyo iliyonipa hasara kubwa kabla sijaielewa.

Herufi zake zimelalia kulia, zina tumbo nene na ncha nyembamba kama unywele. Ilichorwa na Claus Eggers Sørensen, msanifu wa Denmark, ikatoka mwaka 2011, na ni bure hata kwa kazi ya biashara. Sura yake inarudi nyuma hadi Ulaya ya karne ya 18, watu walipokuwa wakiiacha kalamu yenye ncha pana na kushika yenye ncha kali, ya kuchovya. Ukiikandamiza kalamu ile, ncha inafunguka na mstari unanenepa. Ukilegeza mkono, unabaki uzi tu. John Baskerville wa Birmingham, na baada yake Giambattista Bodoni wa Parma, waliupeleka unene na wembamba huo kwenye herufi za risasi za kuchapia vitabu. Kila nikiandika jina kwa fonti hii, naona mkono wa mtu ukikandamiza na kulegeza. Ndiyo maana inafaa harusi.

Sasa hasara yenyewe. Mama mmoja aliagiza kadi 200 za mwaliko, rangi ya damu ya mzee, maandishi ya dhahabu. Kwenye kioo cha kompyuta kadi ilipendeza mno, nikaandika kila kitu kwa mlazo: majina, ukumbi, saa, namba za kamati. Fundi akachapa zote usiku ule ule. Asubuhi mama akaja, tukasalimiana, akavaa miwani. Akaigeuza kadi kwenye mwanga, akaisogeza mbali, akairudisha karibu.

“Mwanangu, mbona herufi zimekatika?”

Zilikuwa zimekatika kweli. Mistari minene ilishika, myembamba ikapotea, na n ikabaki miguu miwili isiyounganishwa na kitu. Namba za simu zilikuwa balaa zaidi. Tarakimu za Playfair Display, usipozibadilisha, zinapanda na kushuka: 6 na 8 ziko juu, 7 na 9 zimening’inia chini ya mstari, sifuri ni fupi kama herufi o. Kwenye mwaka 1998 ndani ya kichwa cha habari zinavutia. Kwenye namba ya kutuma mchango, mtu anakosea. Nikamwomba mama radhi, tukarudia kadi zote kwa gharama yangu.

Kabla ya kurudia nilikaa na fundi, akanionyesha skrini juu ya taa. Ni kitambaa cha nyuzi zilizopishana, na wino unapita kwenye vitundu. Mstari ukiwa mwembamba karibu sawa na uzi, hauna pa kupitia. Wino wa dhahabu una chembechembe za metali, kwa hiyo unataka kitambaa chenye vitundu vikubwa zaidi, na hapo mstari mwembamba unazidi kukosa mahali pa kushika. Tatizo halikuwa fundi wala wino. Mimi ndiye niliyeipeleka fonti ya kichwa cha habari kwenye maandishi madogo ya pointi 10.

Tuliyoyafanya siku ile nayafanya mpaka leo. Mlazo unabeba majina ya maharusi peke yake, na hayashuki chini ya pointi 36. Nayazungushia mstari mwembamba sana wa rangi ile ile, kiasi cha kuzipa ncha nguvu bila kuziba nafasi zilizo ndani ya herufi. Ukumbi na saa naviandika kwa fonti iliyosimama, isiyo na mbwembwe, na namba za simu vivyo hivyo. Mteja aking’ang’ania maandishi madogo yafanane na majina, natumia ndugu yake iitwayo Playfair tu, ambayo ina umbo la kusomwa kwa ukubwa mdogo: mistari yake myembamba imenenepeshwa tangu kuchorwa.

Jambo jingine ninalolisisitiza kwa vijana wanaokuja kujifunza: hakikisha faili la mlazo limo kwenye kompyuta. Lisipokuwamo, programu nyingi huchukua herufi iliyosimama na kuiinamisha kwa nguvu. Itazame a. Kwenye mlazo wa kweli ni duara moja na mkia, kama tunavyoiandika kwa mkono. Ya kuinamishwa inabaki na kofia yake juu. Majina yetu yamejaa a, kwa hiyo kosa hilo halijifichi.

Kuhusu alama ya &, mimi naitetea. Kwenye mlazo mara nyingi bado unaziona e na t za neno la Kilatini et, maana yake “na”, zimekumbatiana. Naiweka kubwa, katikati ya majina mawili, bila pambo lolote la maua.

Mama alipofuata kadi mpya, hakuzisogeza mbali. Alipitisha kidole juu ya jina la binti yake, polepole, kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, kisha akaniomba bahasha.