Ijumaa ya vidonge kumi na vinane

Nilipokabidhiwa uenyekiti wa tawi la wanafunzi wa sayansi ya dawa, katika chuo kimoja hapa Moshi, nilipokea muhuri, daftari la ada lenye kurasa nne zilizoandikwa, na orodha ya wanachama ambao wengi wao walikwisha kuhitimu. Mihtasari ya mikutano ilikuwa kwenye simu ya katibu aliyetangulia, na simu hiyo ilikuwa imeibiwa stendi.

Muhula wa kwanza tuliutumia kualika wageni. Mfamasia wa hospitali ana zamu, na akiahirisha dakika za mwisho wanafunzi hamsini hubaki ukumbini bila shughuli. Kufikia Januari tulikuwa tumebaki kumi na mmoja. Siku ya Wafamasia Duniani, 25 Septemba, nayo hukuta vyuo vingi bado viko likizo, kwa hiyo tuliihamishia Novemba, ndani ya wiki ya uhamasishaji kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, inayoanza tarehe 18.

Kilichotuokoa ni swali la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Bibi yake huko Marangu huweka parasetamoli kwenye rafu iliyo juu ya meko, naye alitaka kujua kama zinaharibika. Tuliweka pakiti moja dirishani palipopigwa na jua la Februari, nyingine kabatini penye ubaridi, na baada ya wiki nne mlezi wetu akaturuhusu kutumia mashine ya kupimia umegukaji wa vidonge kila Ijumaa baada ya vipindi. Maji huwa nyuzi 37 za Selsiasi, vidonge sita hupanda na kushuka ndani ya mirija, na kwa mujibu wa famakopia ya Uingereza, yaani kitabu rasmi cha viwango vya ubora wa dawa, kidonge kisicho na ganda la nje kinapaswa kuwa kimemeguka ndani ya dakika 15.

Vya kabatini vilimeguka vyote. Kimoja cha dirishani hakikumeguka kwa wakati, na baadhi yetu tukaanza kuandika kwamba dawa imeharibika. Mlezi alitusimamisha: kikishindwa kimoja au viwili, hupimwa vingine 12, na angalau 16 kati ya 18 vikifaulu, kundi limefaulu. Vyetu vilifaulu 17. Tulibishana hadi saa moja usiku, maana kumeguka hakuonyeshi ni kiasi gani cha dawa kimebaki ndani, na kwa hiyo bibi wa Marangu alikuwa bado hajapata jibu kamili. Naamini tawi lilizaliwa upya jioni ile.

Ijumaa iliyofuata walikuja thelathini. Tangu hapo kila jaribio huandikwa kwa wino na wa mwaka wa kwanza, na uchaguzi hufanyika kabla ya mitihani ya muhula wa pili, ili viongozi wapya wafanye kazi wiki tatu pamoja na wanaoondoka. Daftari hukaa katika kabati la maabara, na ukurasa wake wa kwanza una nyakati za vidonge kumi na vinane, kimoja kikiwa kimezungushiwa duara.