Umechoka? Weka katuni, lakini ngoma na picha zitue pamoja

Kwa siku ya uchovu, katuni ya nyimbo unayoijua tayari ni bora kuliko filamu mpya, na isipite dakika tisini. The Lion King ya 1994, kwa mfano, ina dakika 88. Ila kabla hujajinyoosha kwenye kochi, shughulikia sauti.

Filamu hizi huenda kwa fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Nyimbo kwa kawaida hurekodiwa mapema, kisha mchoraji akafuata mapigo. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo kila baada ya fremu 12, na kwa kuwa katuni ya mkono mara nyingi hushikilia mchoro mmoja kwa fremu mbili, hapo katikati kuna michoro sita tu. Sauti ikichelewa robo sekunde, mguu wa mchezaji umeshaitangulia ngoma kwa nusu pigo. Akili iliyochoka inaanza kuhangaika bila kujua inahangaikia nini.

Na Bluetooth inaweza kabisa kuchelewa hivyo. Tumia waya: tundu la hedifoni la TV hadi matundu mekundu na meupe ya sabufa. Ukitazama kwa programu ya VLC kwenye kompyuta ya Windows, herufi J huivuta sauti mbele milisekunde 50 kila ukiibonyeza. Mara tano inatosha robo sekunde. Kwenye TV kuwa makini, maana kipengele cha kurekebisha sauti mara nyingi huichelewesha tu, yaani kinaongeza tatizo.

Zima pia ulainishaji wa mwendo, ambao Sony huuita Motionflow na LG TruMotion. Unabuni fremu zisizochorwa na mtu, mistari inafifia, mikono inaelea.

Mazungumzo hayasikiki lakini muziki unapasua? Huenda umechagua sauti ya 5.1 (ya spika tano na sabufa) kwenye spika mbili, na maneno yamewekwa kwenye spika ya katikati usiyokuwa nayo. Chagua stereo. Sabufa itoe kwenye kona, ipunguze besi. Ile ya kuchezea bongo fleva huzimeza fidla zote. Hali ya usiku iwashe kama watoto wamelala, vinginevyo iache, maana inabana kupanda na kushuka kwa muziki, na huo ndio utamu wenyewe.

Jaribu kwa wimbo wa kwanza wa The Lion King hiyohiyo. (Ule mwito wa mwanzo wa Lebo M, mwimbaji wa Afrika Kusini, ni Kizulu; Kiswahili kinasubiri Timon na Pumbaa.) Wimbo unaishia kwa pigo moja la ngoma, na papo hapo jina la filamu linatokea kwenye giza. Kama jina linatangulia, rudi kwenye waya.

Filamu ikiisha, acha majina yapite hadi mwisho, kisha zima kioo na uupige muziki wa Hans Zimmer, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, peke yake, kwa sauti ya chini.