Duke au North Carolina? Novemba isikudanganye

Wapenzi wa kikapu hapa Arusha, msimu wa vyuo Marekani ukianza Novemba msihesabu ushindi tu. Timu ya chuo cha Duke kumpiga mnyonge kwa tofauti ya pointi 40 nyumbani Cameron Indoor, ukumbi wa watu 9,314, hakukuambii kitu. Hesabu mipira inayopotezwa. Timu hupata takriban mashambulizi 70 kwa mechi. Ikipoteza mpira mara 15, zaidi ya shambulizi moja katika kila matano limekwenda na maji. Mara nyingi mkosaji ni kijana wa mwaka wa kwanza anayelazimisha pasi ya katikati wakati mwenzake wa pembeni yuko huru kabisa. North Carolina, jirani wa kama kilomita 16 tu, ipimwe hivyo hivyo, na ribaundi za ulinzi (mipira unayodaka mpinzani akikosa kufunga) uziongeze.

Ugenini ndiko kwenye uzito: kwenye NET, orodha rasmi inayopanga timu za vyuo kwa ubora, kuifunga timu ya 75 ukumbini kwake kunawekwa daraja moja na kuifunga ya 30 nyumbani kwako. Msimamo wa ACC, ligi ya Duke na North Carolina yenye timu 18, mimi siuangalii kabla ya Januari.

Mechi ya saa moja jioni Durham, mji wa Duke, huku ni saa tisa usiku. Chaji simu mapema, umeme wetu mnaujua.