Nimuulize kwa maneno gani?

Posa ya mdogo wetu imepita Alhamisi, mahari yamekubaliwa, watu wamekula wakashiba. Mimi hata ladha ya ule wali siikumbuki. Masikioni nina simu ya shemeji tu, ya Jumanne, kuhusu swahiba yake anayemhofia asije akajiua.

"Shemeji, umesema nimuulize. Haya, nimuulize kwa maneno gani?"

Nikakwama. Wahudumu wa afya ya jamii nawaambia kila mafunzo, "uliza waziwazi", lakini mtu akitaka sentensi nzima mdomo unakauka. Mwisho nikamwambia, "Muulize kama ana mawazo mabaya."

Jibu bovu. Mawazo mabaya ni yapi? Deni ni wazo baya, mke kuondoka ni wazo baya. Mtu anayeumia akipewa mlango mpana hivyo atapita: "A-a, mimi mzima." Baya zaidi ni "Hufikirii kujiua, sivyo?" Hiyo "sivyo" imeshamjibia.

Nilipaswa kumpa hii: "Nakuona umekonda, barazani huji tena, na juzi umesema watoto wako tuwaangalie. Je, umefikia kuwaza kujiua?" Uanze na ulichokiona, ufuate na neno lenyewe, halafu unyamaze. Kunyamaza ndiko kunakowashinda watu. Akiwa mkubwa kwako tanguliza "niwie radhi kwa swali hili", lakini neno usilimeze. Kuuliza hakumtii mtu wazo kichwani. Mara nyingi utamwona anashusha pumzi.

Akisema ndiyo, usikimbilie "una watoto" wala "ni dhambi". Hayo ameshajiambia usiku kucha. Muulize kama amepanga vipi, lini, na kama alichopanga kutumia kiko karibu. Majibu yakiwa wazi, asibaki peke yake hata kidogo. Dawa na sumu za shamba zitoke nyumbani leo hii, zikae kwa jirani. Kuzihamisha kabati hakusaidii. Hamu ile huja kama wimbi, hupanda ikashuka. Ikipanda, kitu kiwe mbali na mkono wake. Akikuapisha usimwambie mtu, usiape. Mwambie, "Sitakutangaza, lakini hili hatulibebi wawili tu."

Halafu kuna namba za simu za msaada. Watu huzituma kwa meseji wakadhani wamemaliza kazi, na aliyefika pale hana nguvu ya kubonyeza. Piga wewe, weka spika, sema neno la kwanza, kisha mpe. Hapa Kenya 1199 ya Msalaba Mwekundu haikati salio. Befrienders Kenya ni 0722 178 177, hiyo tia salio kwanza. Kwa mtoto ni 116. Ikilia bila kushikwa, nenda ya pili. Hatari ikiwa pale pale, simu usizingojee: teksi au tuktuk, wewe kando yake, moja kwa moja chumba cha dharura cha hospitali iliyo karibu.

Shemeji aliuliza na la polisi, na hapo nilimjibu bila kusita: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomtishia aliyejaribu kujiua jela ya hadi miaka 2, Mahakama Kuu ilishatangaza Januari 2025 kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Sheria inanitoka kama maji, sentensi moja ya Kiswahili inanikaa kooni!

Leo asubuhi ikaingia sauti yake kwenye WhatsApp, sekunde kumi na moja. "Nimemuuliza. Nimelitaja lile neno. Amelia sana. Tuko hospitali, daktari anazungumza naye." Nimeisikiliza mara nne, ya tano nikiwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi. Kumbe neno alilipata mwenyewe.

Nimemwandikia kwamba wakimlaza, wiki za kwanza akishatoka ndizo za kumchunga: kesho mpigie, kesho kutwa mpigie, hata kwa habari za mpira. Na yeye shemeji apate wa kuzungumza naye, maana sauti ile ilikuwa imechoka.

Sasa tangi la juu linavuja tena, naisikia michirizi ukutani, na fundi aliyechukua nusu ya pesa hashiki simu.