Mgongo wa mbuzi wa Buguruni

Kwenye mtihani wa vitendo wa tiba ya mgongo kwa mikono niliulizwa: kwa nini kiuno hakizunguki kama sehemu ya kifuani? Nikajibu, "Misuli." Mwalimu akaandika kitu, akamwita mwenzangu.

Jumamosi nikaenda bucha Buguruni. "Kaka, naomba uti wa mgongo wa mbuzi, mzima, kuanzia shingoni." Tayari kashika panga. "Usikate!" Akauliza kama ni wa supu. Nikasema wa kusomea. Foleni nzima ikageuka kunitazama.

Nikauchemsha kwenye jiko la mkaa mpaka nyama ikaachia, pingili zikatoka moja moja. Shingoni saba, sawa na sisi, sawa na twiga. (Chini ya shingo usimchukulie mbuzi kama mtu: mbuzi kwa kawaida ana pingili 13 za mbavu, sisi 12.)

Sasa geuza pingili uangalie nyuma, pale zinapogusana na jirani zake. Za kifuani zina nyuso bapa, zimelaliana kama viganja viwili. Nikizungusha, zinateleza. Za kiunoni zimesimama wima na kutazamana ubavu kwa ubavu, pingili ya chini imeikumbatia ya juu kulia na kushoto. Kuinama na kuinuka, hewala. Nikajaribu kuzungusha: tk! Mfupa kwa mfupa. Mbuzi kakazwa kuliko sisi, lakini hata binadamu hapati zaidi ya digrii mbili hivi kila kiungo. Misuli nimeisingizia bure.

Hapo ndipo kanuni za 1918 za Fryette, daktari Mmarekani wa osteopathia (tiba ya mifupa na viungo kwa mikono), zilipoacha kuwa shairi la kukariri. Mgongo ukiwa wima, anasema, pingili za kifua na kiuno zikilala upande mmoja huzunguka kuelekea upande wa pili. Ukiwa umeinama au umejinyoosha nyuma, pingili moja hulala na kuzunguka upande uleule. Shingo haimo humo. Na kiuno cha mtu aliye hai hakitii kila mara, kwa hiyo mimi naamini vidole kwanza.

Vidole navifundishia kwa mdogo wangu. Viganja juu ya nyonga, dole gumba zikutane katikati: pingili ya nne ya kiuno. Ncha ya chini ya kombe la bega: ya saba ya kifua. Shida anatekenyeka, namlipa chipsi mayai ndipo atulie.

Supu tuliinywa kwa ndimu na pilipili. Pingili nimeziandika namba kwa kalamu, zinakauka dirishani. Namba 11 kaondoka nayo paka.