Mfalme kwa Maji, Mfalme kwa Barua

Katika falme za Kihindu zilizokuwa chini ya himaya ya Uingereza, rajah, yaani mfalme, alitawazwa mara mbili: kwa maji, kisha kwa barua. Picha za zamani hutuonyesha zaidi ile ya pili, yenye Wazungu na sare zao. Ya kwanza ndiyo iliyokuwa na uzito.

Maji hayo huitwa abhisheka. Mnajimu hupiga hesabu na kutoa muhurta, yaani muda mfupi wenye baraka, na ukipita umepita. Vyungu vya maji hupangwa mapema, kila kimoja kikiwa na majani ya mwembe mdomoni na nazi juu yake. Makuhani huwasha moto na kuulisha samli. Rajah huketi ameelekea mashariki, akamiminiwa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, halafu maji ya mito mitakatifu. Akishaoga na kuvikwa, hupandishwa kwenye gadi, kiti cha enzi, na kutiwa alama ya tilaka kwenye paji la uso. Juu yake mwavuli, ubavuni usinga wa mkia wa yaki, ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu. Kule Mewar, ufalme wa Warajput huko Rajasthan, tilaka ilikuwa damu: mkuu wa Wabhil wa Oghna alijichanja kidole gumba akampaka mtawala mpya, kisha akamshika mkono kumpeleka kwenye gadi. Wabhil ni watu wa milimani, wala si Warajput, jamii ya kivita ya watawala. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu nzito kuliko zote, wenyeji wa ardhi wakimpa mgeni ruhusa.

Barua nayo, ya Waingereza kumtambua mtawala, iliitwa kharita, ikaletwa ndani ya mfuko wa hariri uliopigwa lakiri. Mysore, ufalme wa kusini mwa India, iliporudishiwa wafalme wake mwaka 1881, hati ilisema wazi kwamba hakuna mrithi atakayehesabiwa halali bila kutambuliwa na serikali ya Uingereza huko India. Ndiyo maana Krishnaraja Wadiyar IV alikalia kiti mwaka 1895 akiwa na miaka 10, mama yake akashika utawala, na mamlaka kamili akayapata tarehe 8 Agosti 1902 tu, Lord Curzon, mwakilishi wa mfalme wa Uingereza huko India, alipokwenda kumkabidhi. Sherehe hiyo ilifanyika katika jumba la Jaganmohan, kwa kuwa jumba kuu la mbao lilikuwa limeungua mwaka 1897.

Ugomvi kati ya Waingereza na watu wa ikulu ulizuka kwenye mambo madogo: viatu, viti, nani akae kulia. Na muhurta haimsubiri mgeni wa serikali, kwa hiyo ibada ilifanywa ndani kwa saa yake, baraza la Wazungu likawekwa kando.

Maandamano ni kazi ya ndovu. Kiti cha dhahabu cha Mysore, kile kinachofungwa mgongoni mwa ndovu, kina kilo 750 hivi. Godoro la chini yake lazima liache mfereji katikati ili uzito ukae mbavuni, usiuchubue uti wa mgongo. Kamba ya tumbo ikilegea, kiti huyumba upande mmoja kwa kila hatua. Dume anayetoka majimaji kati ya jicho na sikio haandamani hata akiwa mpole kiasi gani, maana yumo katika kipindi cha ukali. Halafu kuna mizinga ya heshima: Mysore ilistahili 21, na ndovu asiyezoea kishindo hutimua mbio. Hadi leo, wiki kadhaa kabla ya Dasara, sikukuu ya Kihindu, ndovu wa Mysore hubebeshwa magunia ya mchanga, yakiongezwa kidogo kidogo, na mizinga hufyatuliwa karibu nao mpaka waache kushtuka.